Karakana ya Northmere

Jumatatu, saa tatu na robo asubuhi, ukungu wa Januari ulikuwa mzito kiasi kwamba mtu alisikia baiskeli kabla ya kuiona. Ishmeet Kaur, karani, alifika kufungua ofisi ya Bwana Sodhi, wakala wa kupeleka vijana kusoma ng'ambo, akakuta imeshafunguliwa. Kufuli la mlango lilikuwa chini, limekatwa. Kabati la chuma lilikuwa wazi, na pasipoti zote zilizokuwa humo, za vijana wa mji ule na vijiji vyake, hazikuwepo. Televisheni mpya ilikuwa palepale ukutani.

Ishmeet hakupiga kelele. Alikaa sakafuni, kwa sababu pasipoti yake mwenyewe ilikuwa miongoni mwa hizo.

Inspekta Daljinder alipofika na Konstebo Balkar, nje palishajaa watu. Hiyo ndiyo siku waliyoahidiwa: njooni Jumatatu, mchukue pasipoti zikiwa na viza ya Kanada. Kina mama walikuja na maboksi ya peremende za kugawa. Sasa maboksi yalikuwa chini, na ngumi zilikuwa juu.

"Ni huyo msichana!" mama mmoja alifoka. "Funguo za kabati anazo!"

Inspekta alichungulia kabati. Kweli, halikuvunjwa. Lilifunguliwa kwa ufunguo.

"Funguo wanazo akina nani, binti?"

"Mimi na Bwana Sodhi, afande."

"Jana usiku ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, na mama. Afande, mimi mwenyewe nimeandikishwa Chuo cha Northmere huko Kanada, kozi ya kuhudumia wagonjwa. Niibe pasipoti yangu ili niende na nini? Kwa miguu?"

Konstebo Balkar alikohoa kuficha kicheko. "Afadhali huyu angefika kwa miguu," alinong'ona. "Mama mkwe wangu amekwama Delhi tangu jana. Ukungu. Tangu jana jioni hakuna treni hata moja iliyoingia kutoka kule."

"Hilo ndilo linalokuliza?"

"Hapana, afande. Ndilo linalonifurahisha."

Saa nne kamili Bwana Harcharan Sodhi mwenyewe akatokea, kilemba kimenyooka, koti limepigwa pasi. Watu walimpisha. Wengine waliinama kumgusa magoti kwa heshima, kama walivyozoea. Aliposimama mbele ya kabati tupu alijipiga kifuani.

"Watoto wangu! Nimetoka Delhi kwa treni ya usiku nikiwaletea habari njema, nakuta msiba!" Kisha akamgeukia Ishmeet, sauti imeshuka. "Nilikuamini kama binti yangu. Pasipoti umewauzia akina nani?"

Mama yule aliyefoka mwanzo alimzaba Ishmeet kofi kabla Balkar hajamfikia.

Inspekta hakusema kitu kuhusu treni. Alimtazama tu Bwana Sodhi, akaandika saa aliyofika.

Wa kwanza kuhojiwa baada ya hapo alikuwa kijana Yadwinder. Aliwahi kunyimwa viza, na Jumamosi alisimama katikati ya soko akaapa kuichoma moto ofisi hiyo. Aliletwa macho mekundu, nguo zikinuka manukato.

"Ulikuwa wapi jana usiku?"

"Harusini kwa binamu yangu, afande. Nilicheza mpaka mpiga ngoma akaomba nimwonee huruma."

"Nani alikuona?"

"Bora uulize nani hakuniona." Akatoa simu. Kwenye kila picha ya video alikuwa katikati, mabega yakiruka, hadi alfajiri.

"Lakini uliapa kuichoma ofisi."

"Niliapa, na sijuti. Nilimuuliza Bwana Sodhi hicho chuo kiko mtaa gani, akaniambia nina mkosi. Mimi nina mkosi! Anayeuliza ndiye mwenye mkosi!"

Inspekta akamwachia. Saa sita mchana simu ikaja kutoka kwa mkubwa wake mjini Jalandhar: watu wamekasirika, mwenye funguo anajulikana, msichana apelekwe mahabusu saa kumi jioni. Inspekta alijua maana yake. Hata akija kuachiwa kesho, jina la mwizi halitamwacha. Na nani atampa viza mtu mwenye kesi ya wizi wa pasipoti?

Alirudi ofisini kwa Bwana Sodhi akaketi kwenye kiti cha wateja. Aliwasha televisheni iliyosazwa na mwizi, apate kufikiri. Ilirudia tangazo lilelile ambalo mji mzima ulilijua kwa moyo. Msichana mwenye kofia ya manyoya alisimama karakanani, mvuke ukimtoka mdomoni. "Mimi niko Chuo cha Stadi cha Northmere, Kanada," alisema. "Hapa hatukariri, tunafanya. Miaka miwili, unatoka na ufundi na kazi mkononi." Nyuma yake ilikuwa mashine ya kijani ya kukereza chuma, mpini wake umezungushiwa uzi mwekundu, na juu yake nukta ya rangi nyekundu.

Inspekta alilitazama mara ya pili. Mara ya tatu alisimama.

Alimpigia mdogo wake Jagtar, aliyesomea ufundi wa majokofu kwenye chuo cha kweli huko Kanada na sasa alikuwa na kazi, mke na deni la gari kama watu wote.

"Dada, huku watu tumelala!"

"Nisamehe. Karakana ya chuo chenu, mashine zake mlizifunga uzi wa baraka Siku ya Vishwakarma, kama mafundi wa kwetu?"

Jagtar alicheka usingizi ukamtoka. "Uzi? Huku ukiingia na hata bangili mwalimu anakutoa nje. Kitu kinachoning'inia karibu na mashine inayozunguka? Utaachwa bila mkono! Nani kakwambia?"

"Na Northmere?"

Jagtar akagonga simu kwa vidole, akitafuta. "Hakipo, dada. Kwenye orodha ya vyuo vinavyoruhusiwa kupokea wageni hakimo kabisa. Nani yuko huko?"

"Hakuna," alisema Inspekta. "Ndiyo shida."

Mashine aliipata saa nane, baada ya kuzunguka karakana za mji, kwa fundi Mehnga nyuma ya soko la nafaka, ya kijani, na uzi wake. Mehnga hakuficha: Bwana Sodhi aliikodi karakana asubuhi moja ya Desemba, akaja na mpwa wake aliyevaa kofia ya manyoya. "Alisema ni sinema ya harusi."

Hasira ilimpanda Inspekta polepole, kama maji kisimani. Watu wote wale, wazazi wenye macho mazima, waliutazama uzi ule kila siku na hakuna aliyeuona, maana tangu wazaliwe hawajawahi kuona mashine isiyo nao. Hata Bwana Sodhi mwenyewe hakuuona. Kile alichokitangaza, kusomea ufundi ng'ambo, kipo kweli. Jagtar alikipata, akatoka na ufundi. Bwana Sodhi alikichukua kitu cha kweli akakichuna ngozi, akaivaa.

Saa tisa alikuwa nyumbani kwa Bwana Sodhi, pamoja na Balkar, Ishmeet na vijana na wazazi waliowafuata wakidai msichana asitoroshwe. Ilikuwa nyumba ya ghorofa mbili, na juu ya paa, kama kwenye nyumba nyingi za eneo lile, tangi la maji lililojengwa kwa saruji kwa umbo la ndege ya abiria, mabawa na madirisha yote. Mke wake, Mama Satwant, aliwakaribisha chai.

"Naomba ninawe mikono kwanza, mama."

"Nawa kwenye ndoo, mwanangu. Bomba limekauka. Mzee alilitoa maji tangi jana, akashinda huko juu na baridi yote hii anaziba ufa. Mpaka usiku! Nimemwambia aite fundi, hasikii."

Uani wazazi wakaanza kunong'onezana.

"Jana mchana kutwa?" Inspekta aliuliza taratibu.

"Na chakula cha usiku alikula hapa, akatoka tena kidogo, akarudi kulala. Kwani kuna nini?"

Bwana Sodhi alikuwa amesimama mlangoni. "Satwant, nyamaza!"

"Mwache mama aseme," alisema Inspekta. "Tangu jana jioni hakuna treni iliyoingia kutoka Delhi, Bwana Sodhi. Ukungu. Wewe ulilala kwenye blanketi lako, ukasahau kuuliza. Balkar, panda."

Balkar alipanda ngazi, akafungua mfuniko mgongoni mwa ndege ile ya saruji, akaingiza mkono hadi begani. Akatoa mfuko wa plastiki. Pasipoti zilikuwa zote humo, kavu, zimepangwa kama matofali. Akashuka, akazigawa moja moja kwa wenyewe. Hakuna hata moja iliyokuwa na viza. Hakuna hata moja iliyowahi kupelekwa popote.

"Kwa nini?" aliuliza Ishmeet. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu kofi. "Kwa nini, baba?"

"Usiniite baba."

"Nilikuita hivyo miaka miwili."

Bwana Sodhi aliketi kwenye kitanda cha kamba. "Zamani nilipeleka watu vyuo vya kweli. Kisha viza zikaanza kukataliwa, vyuo vikaacha kunijibu. Ningewaambia nini? Mtu aliyekuwa akiguswa magoti sokoni aseme hawezi tena? Nikasema nitawashikilia mwaka mmoja, mambo yatafunguka. Hayakufunguka. Leo walikuwa waje. Pasipoti zikiibiwa, hakuna wa kuuliza viza." Akainua uso. "Lakini niliwapa matumaini! Nani mwingine aliwapa?"

"Hukuwapa," alisema Inspekta. "Walikuja nayo mlangoni kwako, asubuhi baada ya asubuhi, kutoka vijijini. Wewe uliyafungia kabatini. Na ulipobanwa, ukamchukua maskini mmoja kati yao umtupie wizi wako. Simama."

Alipotiwa pingu, hakuna aliyeinama kumgusa magoti. Mama yule wa kofi alikuwa amejifunika shela hadi macho. Inspekta alimpigia mkubwa wake, akamwambia gari la saa kumi lije, abiria amebadilika.

Vijana walibaki uani, kila mmoja na pasipoti yake, hawajui waende wapi.

"Sasa dada Ishmeet," mmoja aliuliza, "ndiyo basi?"

Ishmeet aliipitia yake ukurasa kwa ukurasa. Zote nyeupe.

"Basi kwa nini? Vyuo vipo. Kuomba nafasi najua, miaka miwili nimeandika maombi yenu nikidhani yanatumwa. Kesho saa tatu, barazani kwetu. Tutaanza na chuo kinachojibu simu." Akaisukuma pasipoti ndani kabisa ya mfuko wa koti lake. "Na kila mtu atakuja na yake, na ataondoka nayo."