Injini ya Babu

Ndugu zangu, ukifungua bomba pale sokoni kwetu, nje kidogo ya Rodi Kopany, na maji yakatoka, mshukuru Mungu, kisha umshukuru mama mkwe. Si wangu, huyo ni hadithi nyingine. Namsema Mama Phelesia.

Mwaka wa 1994 tulikuwa tumetulia. Mimi nilipika mandazi mbele ya yadi ya serikali, na ndani ya yadi injini ilisukuma maji kutoka mtoni hadi kwenye tangi la dispensari na soko. Javan, mwana wa Phelesia, alishika funguo za stoo. Mkewe Lorine aliteka maji mlangoni pake, mtoto mgongoni. Neema ukiizoea huioni, nasi hatukuiona.

Siku moja injini ikanyamaza. Javan akaifunika turubai, akatuambia, "Imekufa kabisa." Tukarudi mtoni, tukachota maji pamoja na ng'ombe. Haukupita muda, watoto wakaanza kuhara, na Truphena, mtoto wa Javan mwenyewe, akalazwa kwenye dispensari hiyo hiyo isiyo na maji. Hebu fikiri! Mtoto yuko kitandani, na baba macho yake yako kwenye injini.

Maana alikuwa anatafuta mnunuzi. Alimwita Hamud, mtu wa Lamu aliyeuza vipuri mjini Homa Bay. Hamud akafunua turubai, akagusa herufi GK zilizopigwa kwenye chuma, alama ya mali ya serikali.

"Imebodiwa lini?" akauliza.

Kubodi, kama hujui, ni pale kamati inapokagua kitu cha serikali na kukubali kwamba hakifai tena. Ndipo kinatangazwa, kinauzwa mnadani mbele ya watu, na pesa zinaingia serikalini.

Javan akacheka. "Mzee, hiyo GK huku kwetu ni Gir Kwaro. Mali ya babu. Nani atauliza?"

Utani huo sote tuliupenda. Ukimwona mtu amebeba mabati ya serikali, unasema "gir kwaro," mnacheka, anapita. Sumu yake hatukuijua.

Hamud hakucheka. "Kwetu sisi, mwanangu, mali ya babu ndiyo yenye maneno mengi. Warithi wote sharti waitwe. Bila tangazo la mnada, mimi siinunui." Akajipangusa mikono, akaenda zake.

Badala ya kushtuka, Javan akapata mtu wa Isebania asiyeuliza maswali. Lori lingekuja Jumapili, watu wakiwa kanisani. Lorine alipojua, akalia.

"Baba Truphena, mtoto wako anakunywa matope. Na wakikushika, sisi tutaenda wapi?"

"Wacha maneno mingi. Hii kitu ni ya serikali, si ya mtu."

Lorine hakubishana. Jumapili alikuja kanisani, akamnong'oneza mama mkwe wake. Phelesia akasimama katikati ya mahubiri, mhubiri mwenyewe akabaki mdomo wazi.

"Watu wangu, Javan anauza mali ya babu! Wajukuu wote twendeni!"

Tukatoka, kwaya mbele. Tulikuta lori linaingia langoni kinyumenyume. Phelesia akaenda moja kwa moja akakalia injini, na gauni lake jeupe la kanisani.

"Nyathina, mwanangu," akamwambia Javan, "hii ni gir kwaro?"

Javan akageuza uso upande wa lori.

"Ndugu yako alipotaka kuuza shamba ya babu peke yake, wewe ulisema nini?"

Javan akatazama chini. "Nilisema mjukuu mmoja hawezi kuuza."

"Sasa uliza hawa. Wajukuu, mnauza?"

"Ooyo!" tukakataa kwa sauti moja, na mhubiri naye.

Dereva wa lori hakungoja kuaga. Javan akalia mbele yetu, na mimi nikalia naye, kwa maana ni jirani yangu. Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa afisa wa maji akaeleza yote. Kamati ikaja, ikakuta injini imeharibika kipuri kimoja tu, na kipuri hicho kikatoka dukani kwa Hamud. Javan alinyang'anywa funguo na kupewa onyo kali, lakini hakufungwa. Maji yakarudi. Truphena akapona.

Asante Hamud, uliyekataa. Asante Lorine, uliyesema. Doa la grisi kwenye gauni la Phelesia halijatoka mpaka leo, na bado analivaa kila Jumapili. Tukiliona, tunampisha akae mbele.

Funzo

Mali ya serikali si mali isiyo na mwenyewe. Wenyewe ni wengi. Ikichakaa, ikaguliwe, itangazwe, iuzwe mchana mbele ya macho yetu. Na ukimsikia mtu anasema "gir kwaro" huku amebeba, usicheke tena. Muulize: wajukuu wengine wako wapi?