Neno la Siri la Muhonja

Kila Jumatano baada ya chakula cha mchana, sisi wa darasa la saba tulikimbilia chumba cha kompyuta. Mwaka huo wa 1996 shule yetu mjini Kakamega ilikuwa na kompyuta mbili tu. Kila mwanafunzi alijichagulia neno la siri la kufungulia kazi yake.

Siku hiyo niliandika jina langu, Muhonja, kisha neno langu. Insha yangu ilikuwa imefutwa yote: kurasa nne za mashindano ya wilaya, zilizotakiwa Ijumaa. Palibaki mstari mmoja: "Muhonja amelala." Nilikasirika sana.

"Mwalimu, hii mashine ni mbovu," nikalalamika.

Mwalimu Rosebella aliusoma mstari ule. "Mashine haijui kama umelala. Ni nani anajua neno lako?"

"Hakuna. Sijaambia mtu."

Protus, jirani yetu wa nyumbani, akainamisha kichwa. "Ni mimi, Mwalimu. Nilikuwa nacheza tu. Nilijaribu Tingatinga, ikafunguka. Halafu nikabonyeza kitu, yote ikaenda."

Tingatinga ni fahali wa babu yangu. Kila akienda kupigana na fahali wenzake, vijana humtangulia wakipiga ngoma za isukuti na kuimba jina lake njia nzima. Nusu ya Kakamega inalijua. Nami, kwa akili zangu timamu, nikalifanya siri! Nilitamani kumpiga Protus, kisha nikatamani kujipiga mwenyewe.

"Basi nitumie tarakimu kama mwenzetu Lusweti," nikasema kwa hasira. "Zake amezichanganya, hakuna anayeweza kuzikisia."

"Wala yeye hawezi kuzikumbuka," Mwalimu akajibu, akionyesha karatasi iliyobandikwa kando ya kompyuta, tarakimu zote nane wazi. Lusweti akaibandua haraka.

"Tunga sentensi unayoijua wewe tu," Mwalimu akaendelea, "uchukue herufi ya kwanza ya kila neno. Si rahisi kukisiwa, wala huhitaji kuiandika."

Alhamisi nilikosa mapumziko yote nikichapa upya, na Protus, kama adhabu yake, akinisomea kutoka daftarini nilimoiandika kwanza. Ijumaa saa nne insha ilikuwa tayari.

"Umepata neno jipya?" Mwalimu akaniuliza. "Hebu niambie."

Nilifungua kinywa, maana mwalimu hujibiwa. Kisha nikakifunga. "Samahani, Mwalimu. Siwezi."

Akatabasamu. "Sasa umejifunza. Protus alifanya kosa kuingia, lakini mlango uliuacha wazi wewe. Siri unayompa mtu mwingine, hata akiwa mwalimu wako, si siri tena."