Utepe Mwekundu wa Kipara

Kila alasiri, akishavua sare ya shule, kazi ya kwanza ya Chiriku ilikuwa kufagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama yake. Alifagia huku anazungumza. Alizungumza akiokota pini, akazungumza akizungusha uzi, akazungumza hata akipiga pasi kola za wateja. Jina lake la darasani mtaa ulikuwa umeshalisahau. Mtoto anayesema tangu jogoo awike hadi kuku walale, angeitwaje kama si Chiriku?

"Mwanangu, upumzishe huo mdomo, utaota sugu," mama yake alimtania, miguu ikikanyaga cherehani.

Nje ya kibanda, Kipara alisubiri. Alikuwa mbwa wa rangi ya udongo, mwenye upara mgongoni pale alipowahi kumwagikiwa maji ya moto. Mchana alikula mifupa kwenye bucha ng'ambo ya barabara. Jioni alipata makombo ya fundi cherehani. Usiku alilala mlangoni pa Bibi Mkaa, bibi mmoja aliyeuza mkaa pale pembeni na kuishi na mjukuu wake mdogo, Kidoti. Mwenye bucha alimwita Askari. Bibi Mkaa alimwita Mpangaji, kwa sababu alilala kwake bila kulipa kodi. Watoto walimwita Kipara. Majina alikuwa nayo tele. Mwenye mbwa ndiye aliyekosekana.

Hilo lilijulikana siku gari la matangazo lilipopita. Kipaza sauti kilisema mbwa wote wapelekwe uwanjani wakachanjwe, wasije wakapata kichaa cha mbwa na kuwaambukiza watu. Mbwa atakayechanjwa atafungwa utepe mwekundu shingoni. Asiye na utepe atakamatwa na kuondolewa.

Chiriku alimfunga Kipara kamba, akamburuta mpaka uwanjani. Daktari wa mifugo, mwanamke mrefu mwenye buti za mpira, akamtazama.

"Mwenye mbwa yuko wapi? Nataka mtu mzima wa kumshika na wa kumjibia."

Chiriku akarudi mbio. Mwenye bucha alikuwa akinoa kisu. "Mbwa wangu? Ah, mimi namtupia mifupa tu, binti. Muulize Bibi Mkaa, ndiko anakolala."

"Analala kwa hiari yake," akasema Bibi Mkaa. "Mimi sikumwalika. Si mnamlisha nyinyi?"

Mama yake Chiriku naye hakuinua macho kwenye cherehani. "Nguo za watu zinanisubiri, mama. Mbwa wa mtaa, mtaa utamwangalia."

Jua likatua. Daktari akafunga masanduku yake, akaondoka.

Kesho yake asubuhi Chiriku aliamka mapema. Wakamataji wangepita siku ile. Akapekua vipande vya vitambaa, akapata kipande chekundu cha bitana, kitambaa cha ndani ya nguo, kilichobaki kwenye gauni la mteja. Akakikata chembamba, akakipinda kingo vizuri, maana mtoto wa fundi hafungi kitu kinachochanika nyuzi. Kisha akamvisha Kipara shingoni.

Wakamataji walipita na nyavu zao. Walimwona Kipara, wakaona utepe, wakaendelea na safari. Chiriku alikaribia kuruka kwa furaha. Aliona amewazidi akili watu wazima wote.

Lakini furaha ile haikukaa. Kabla ya utepe, wazazi walikuwa wakiwaonya watoto wasimsogelee mbwa yule. Sasa hakuna aliyeonya. Watoto walimpanda mgongoni, wakamvuta masikio, wakampa mkate mdomoni.

"Msimshike mdomo!" Chiriku alipiga kelele.

"Wewe nawe! Si amechanjwa?" wakamjibu. "Una wivu, unataka awe wako peke yako!"

Chiriku akarudi kibandani, akachukua ufagio.

Ijumaa, Kipara alikuwa akitafuna mfupa karibu na magunia ya mkaa. Kidoti, ambaye hata shule alikuwa hajaanza, akataka kuuchukua mfupa ule auoshe, maana ulikuwa na mchanga. Kipara akanguruma. Kidoti akacheka, akanyoosha mkono tena. Kufumba na kufumbua, meno yakawa mkononi mwake.

Mayowe yaliwatoa watu vibandani. Damu ilitiririka kwenye kiganja kidogo. Bibi Mkaa akashika kitambaa, akaufunga mkono haraka haraka.

"Nimpeleke zahanati?" akauliza.

"Ya nini, bibi?" mwenye bucha akasema. "Huoni utepe? Mbwa amechanjwa huyu. Kidonda kidogo tu, kesho kutwa kimekauka."

Watu wakaitikia, "Kweli, amechanjwa." Mmoja baada ya mwingine wakarudi kwenye shughuli zao.

Chiriku alisimama palepale. Darasani mwalimu aliwahi kuwaambia kwamba kichaa cha mbwa kikishaanza kumshika mtu, hakina dawa. Dawa ni kuwahi kabla hakijaanza. Kuwahi!

Aliingia kibandani, akakaa. Akasimama. Akatunga uzi kwenye sindano, ukamkataa. Akajaribu tena, akajichoma kidole. Akatoka nje kumchungulia Kidoti, akarudi, akatoka tena. Akisema, mama atamfanya nini? Na Kipara je? Si watamchukua? Asiposema... Kila alipofika hapo, fikra ilikimbia kama kuku aliyeona mwewe.

Mara ya tatu alimkuta Kidoti ameketi juu ya gunia, mkono umefungwa.

"Dada Chiriku, usimgombeze Kipara," mtoto akasema. "Alidhani namwibia. Haiumi sana."

Chiriku akageuka, akakimbia. Alipofika kibandani mama yake alisimamisha cherehani.

"Chiriku amenyamaza tangu mchana," mama akasema taratibu. "Mvua itanyesha leo. Una nini?"

"Mama, utepe ni wangu."

"Utepe gani?"

"Wa Kipara. Nimeushona mimi, kwa bitana. Hajachanjwa, mama! Hajachanjwa hata kidogo!"

Mama yake hakumpiga wala hakumgombeza. Aliinuka kwa kishindo hata kiti kikaanguka, akashika kipande cha sabuni, akatoka mbio bila viatu. Chiriku alimfuata akilia. Kwa Bibi Mkaa walikifungua kile kitambaa, wakamshika Kidoti chini ya bomba, na mama akaliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, akaosha na kuosha, mtoto akilia na bibi akimuuliza, "Kuna nini? Jamani, niambieni, kuna nini?"

"Tumwahishe zahanati kwanza," mama akasema. "Mengine tutaambizana njiani."

Walimkuta mganga anajiandaa kufunga. Akalitazama jeraha, akamdunga Kidoti chanjo, na kumwambia Bibi Mkaa arudi naye kwa sindano zilizobaki, asikose hata moja. "Na mmefanya vizuri kuosha," akasema. "Ila mngewahi mapema zaidi."

Chiriku alitazama sakafu.

Asubuhi daktari wa mifugo, aliyepewa habari na mganga wa zahanati, alikuja. Kipara alikuwa amefungiwa ndani ya uzio nyuma ya bucha, na mtaa mzima ulikuwa umesimama mbali naye kana kwamba anawaka moto. Mwenye bucha alikuwa wa kwanza kusema. "Mchukueni tu, daktari. Mbwa mzururaji huyu, hana mwenyewe."

"Nani mwenye mbwa huyu?" daktari akauliza, kama hakumsikia.

Miguu ilichora mchanga.

Chiriku akajisogeza mbele. "Mimi ndiye niliyemfunga utepe wa uongo."

"Umekosa, na umekiri. Lakini sikuuliza mwenye kosa," daktari akasema. "Nimeuliza mwenye mbwa. Nani anampa mifupa?"

Mwenye bucha akakohoa. "Mimi."

"Nani anampa makombo?"

"Mimi," akasema mama.

"Na mlango anaolala ni wa nani?"

Bibi Mkaa akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Wangu, mwanangu. Mwizi akipita, yeye ndiye anayebweka. Nilikuwa nikifurahi."

"Basi anao watu watatu, na wote walikuwa hapa siku ya chanjo," daktari akasema. "Mtoto huyu alikuja uwanjani na kamba, akakosa mtu mzima wa kumsindikiza. Mkono unaotupa mfupa, huohuo ndio unaopaswa kushika kamba. Mbwa si wa mtaa. Mtaa hauna mkono."

Mwenye bucha aliuimarisha uzio kwa mbao. Kipara alitakiwa kukaa humo siku kumi, aangaliwe kama ataugua. Mama alimpelekea chakula kwa fimbo ndefu, na Bibi Mkaa akamsukumia maji. Chiriku alimchungulia kwa mbali asubuhi na jioni. Amekula? Amekunywa? Mbona amelala hivyo? Mbona hatikisi mkia? Usingizi ulimpaa.

Siku ya kumi ilipopita Kipara alikuwa anakula kwa pupa na kubwekea bata wa jirani. Daktari akarudi. Safari hii mwenye bucha alishika kamba, mama akashika kichwa, na Bibi Mkaa akasimama pembeni akitoa amri kama jemadari. Kipara akachanjwa. Kidoti naye aliendelea na sindano zake mpaka ya mwisho, akilia kila mara na kuchekeshwa kila mara.

Siku ile Kipara alipokwisha kuchanjwa, daktari alitoa utepe mwekundu, akamkabidhi Chiriku. "Mfunge wewe."

Chiriku alisita. Mama yake akamwekea mkono begani.

"Mfunge, mwanangu. Sasa utepe unasema kweli. Ila ukumbuke, utepe haukumkinga Kidoti hata siku moja. Uliomkinga ni mdomo wako huo, ninaoukataza kila siku. Ulichelewa, lakini ulisema."

Chiriku akamfunga Kipara utepe. Kisha akaanza kueleza jinsi fundo linavyotakiwa kukazwa, na kwa nini lisikazwe sana, na mbwa wa mtaa wa pili alivyofungwa vibaya, na hakunyamaza mpaka jioni. Safari hii hakuna aliyemwambia apumzike.