Kilima Gizani

Giza halipaswi kuandika kitu. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya maabara ile: kabla ya kumulika kipande cha silikoni kwa leza, unafunga mwanga wote, unapima giza tupu, kisha unalitoa kwenye hesabu. Asubuhi hiyo Bi Mwanga, kama walivyomtania kazini, alipima giza, na mstari uliopaswa kulala bapa kwenye kompyuta ukainuka kilima.

Akasema ni ufa wa mlango. Akauziba. Kilima kikapanda. Akachomoa leza kwenye umeme, kikazidi kupanda, na harufu ya nywele zilizoungua ikatanda chumbani.

Mdogo wake, aliyekuwa akipanga vipande upande wa pili wa meza, alimwambia kwa sauti ya chini kwamba anahisi mtu akimpumulia shingoni. Bi Mwanga alitaka kumtania kuwa uzazi umemtia woga, lakini akageukia mlango wa ofisi. Yeye ndiye aliyemshawishi arudi kazini mapema, na mtoto wa miezi minne alikuwa amelazwa ofisini, nyuma ya mlango tu. Likiwapata jambo, atamwambia nini mama yao?

"Toka, mdogo wangu. Mchukue mtoto mwende nyumbani. Hili niachie mimi."

"Na wewe, dada?"

"Nenda."

Taa hakuwasha. Kigunduzi, kile kifaa cha kupimia mwanga, kilikuwa wazi, na mwanga wa kawaida ungekiunguza papo hapo. Mazoea yana taabu. Alisikia viatu vikiburuzwa taratibu, pazia jeusi likisogezwa, mlango ukifunguka na kufungwa, na wakati huohuo, macho yake yakiwa hayabanduki kwenye mstari, kile kilima kikaanza kushuka, kikashuka, kikalala kabisa, harufu nayo ikakatika, giza likawa giza tu.

Amepona, aliwaza. Wamepona wote wawili. Akafurahi mpaka machozi yakamlengalenga.

Mkono wa baridi ukamshika kiwiko.

"Dada," mdogo wake alinong'ona, "mimi sijatoka. Miguu imekataa."

Ofisini mtoto alikuwa ameamka, analia. Kisha wote wawili wakaisikia sauti ya mdogo mtu, ileile, ikibembeleza nyuma ya mlango: "Njoo kwa mama."

Mtoto akanyamaza.