Jina la Saba

Msimamizi wa karakana alisoma majina ya askari kumi na wawili waliokufa vitani, na fundi rangi, mama wa makamo aliyeviandika kwa mkono wake vibao vyote vya barabara zitakazobeba majina hayo, akawa anakagua kibao kimoja kimoja. Kwenye jina la saba mtu akaitika.

"Naam, afande."

Sauti ilitoka nyuma ya mabati. Wakacheka, wakidhani mlinzi anawatania. Walipochungulia, hapakuwa na mtu. Harufu tu ya udongo mbichi na nywele zilizoungua.

"Ngoja nirudie," msimamizi akasema kwa sauti ya chini.

"Bosi, tuache tu," fundi akasema.

Akarudia.

"Naam, afande." Sasa ilikuwa mlangoni.

Tangu hapo fundi hakutulia. Rangi ya kibao cha saba iligoma kukauka, jua la saa saba likiwaka juu yake, na kila alipokitupia jicho midomo yake ilisoma lile jina bila ridhaa yake, pumzi ya baridi ikampita shingoni, na sauti ile ikaitika karibu zaidi, mpaka ikawa sikioni kabisa, kwa hamu ya mtu aliyengoja miaka aambiwe aende wapi na asitokee wa kumwambia.

Na kesho yake majina yangesomwa kwenye uzinduzi wa barabara hizo, kwa kipaza sauti, mbele ya umati.

Alasiri hiyo mama mzazi wa askari wa jina la saba alikuja kuhakiki herufi za jina. Fundi akamnong'oneza yote. Bibi yule hakushtuka.

"Maiti yake haikuletwa, mwanangu. Mnamwita, anaitika. Nani kamwambia vita vimekwisha?"

Akaweka mkoba chini, akakisogelea kibao, akaita jina la nyumbani. "Kicheko."

Ikaja sauti, si ya askari tena, bali ya mtoto aliyeamshwa usingizini: "Mama? Ni wewe?"

"Ni mimi. Vimekwisha, baba. Twende zetu."

Harufu ikakatika. Fundi akagusa kibao kwa ncha ya kidole. Kikavu.

Kesho yake jina la saba liliposomwa, fundi alibana pumzi. Makofi yakapigwa, hakuna aliyeitika. Akashusha pumzi kwa faraja, akaona kiti kitupu mstari wa mbele, pembeni ya yule bibi, akainama akae.

Bibi akakiwekea kiti mkono, taratibu.

"Samahani, mwanangu. Hapa pana mtu."