Midomo Niliyoichora Mara Mbili

Jumamosi ile ilianza kama Jumamosi zangu zote. Nilisali, nikanywa uji wa ulezi, nikaenda kufungua saluni yangu pale Chanji, mjini Sumbawanga, kabla jua halijapata nguvu. Ilikuwa mwezi wa saba, na upepo wa Ufipa ulikuwa ule wa kupasua midomo. Msaidizi wangu Rozina alikoka jiko la mkaa katikati ya chumba ili bibi harusi asitetemeke nikiwa nampamba.

Bibi harusi aliitwa Debora, binti wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia kijiji cha Kaoze yeye akiwa mdogo. Alikuja na mafua kidogo, na shangazi yake Malimi, mama wa maneno.

"Fundi," Malimi akaniambia, "huyu mtoto Mungu alimpa macho, kwenye midomo akabana. Hebu muongezee."

Debora akacheka. "Nataka ionekane mpaka benchi la nyuma, dada Bertilla. Hata wasionipenda waione."

"Nani asiyekupenda?"

Akageukia kioo. Wote mle ndani tulijua. Felisian, bwana harusi wake, ilikuwa aoe mwaka juzi. Mchumba wake wa kwanza alikuwa Fortunata, akafa kwa homa ya siku nne wakiwa wameshatangazwa kanisani Jumapili mbili, imebaki moja. Mama yake Fortunata, mjane Epifania, anakaa nyumba ya nne kutoka kwangu.

Midomo myembamba haipakwi hivi hivi. Unailainisha kwanza kwa mafuta, unafuta. Unaipiga poda mpaka ipotee usoni. Halafu unachukua wanja wa mdomo na kuichora upya, nje kidogo ya mpaka wake, unene wa uzi tu. Ukizidisha, mtu anaonekana kama kapigwa. Unajaza ndani kwa wanja huohuo, unapaka lipstiki, anabana tishu, unapaka tena. Ukipatia, watu hawasemi umepaka. Wanasema umejaaliwa.

Nikajaribu rangi tatu. Zote zilifia usoni pake.

"Huna nyingine?" Malimi akauliza, jicho lake kwenye droo yangu ya chini, ile ninayoifunga kwa ufunguo.

Nilikuwa nayo. Damu ya mzee, nzito, iliyoingia kwa mpaka wa Kasesya kutoka Zambia, na sijapata tena ya aina ile. Hapa ndipo dhambi yangu ilipo, nami naiandika kama ilivyo.

Lipstiki ile nilimpaka Fortunata. Siyo akiwa hai.

Mama yake alitaka azikwe na shela yake, akaniita nimpambe. Midomo ilikuwa imekauka. Nikaichora, nikaijaza, akapendeza kuliko alipokuwa mzima. Epifania akasimama kichwani pake, akamtazama muda mrefu. "Sasa anaonekana kama anataka kusema," akasema taratibu. Kisha akanigeukia. "Mwanangu, kila kilichomgusa leo kiende naye. Kitana, poda, rangi. Kisirudi nyumbani kwa mtu." Ndivyo walivyofanya wazee wa ukoo wao. Nikasema ndiyo mama. Kitana nikakiweka, poda nikaiweka, wanja nikauweka. Lipstiki nikaichomeka kwenye pindo la kitenge. Ilikuwa mpya, na mimi nilikuwa na tamaa. Nyumbani nikaikata ncha kwa wembe, nikaipitishia spiriti, nikajiambia imekuwa safi. Sikuthubutu kuitumia. Kuitupa nako sikuweza.

Basi nikafungua droo, nikavuta kifuniko. Ncha niliyoiacha bapa haikuwa bapa. Ilikuwa imelika upande, kimshazari, kama ya mtu anayejipaka kila siku.

"Rozina," nikanong'ona, "umeitumia hii?"

"Dada, ufunguo wa droo hiyo si unalala nao wewe?"

Nikamtazama midomo. Mikavu, imepasuka kwa baridi. Nikamshuku hivyo hivyo. Kumshuku Rozina kulikuwa rahisi kuliko kufikiri.

Nikampaka Debora.

"Ya baridi," akasema. "Kama bati la asubuhi."

"Usiongee mpaka ikauke."

Akabana tishu. Nikapaka mara ya pili. Nilipomgeuza kwenye kioo, Malimi akapiga vigelegele. Rozina aliacha kupepea jiko. Alimwangalia Debora kama mtu aliyeona midomo anayoijua, akaniangalia mimi, akatoka nje bila kuaga.

Kanisa lilijaa. Nilikaa benchi la tatu ili nimtengeneze shela ikiteleza. Felisian alisema maneno yake vizuri, sauti ya mkulima, nzito. Ikawa zamu ya Debora.

Hakusema.

Padre akatabasamu, akidhani ni aibu. Akamsogezea maiki. "Usiogope, mwanangu."

Mishipa ya shingo ikamtoka. Kidevu kikatetemeka. Macho yakajaa maji. Mdomo ukabaki vilevile, umejaa, umechongeka, mzuri. Nikainuka nusu ili nione vizuri. Kati ya mdomo wa juu na wa chini hapakuwa na mstari. Ilikuwa rangi tupu, moja, kutoka juu mpaka chini.

Ndipo spika zikasema. Sauti ndogo, ya kike.

"Mimi Fortunata."

Wanakwaya wakageukia spika.

"Nakupokea wewe, Felisian."

Wapo waliosema baadaye kuwa ni mitambo. Felisian hakusema hivyo. Alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mgongo ukagota kwenye altare. Sauti ile alikuwa anaijua.

Wakamwingiza Debora sakristia, chumba cha nyuma ya altare. Malimi alimsugua kwa mafuta ya kupikia, kwa sabuni, kwa tishu. Kila tishu ilitoka nyeupe. Debora alikuwa anajikwaruza midomo kwa kucha, na kucha haziachi alama. Yale mafua ya asubuhi yalikuwa yanamziba pua. Kila pumzi ilipiga mluzi, na kila mluzi ulikuwa mwembamba kuliko uliopita.

"Hapumui vizuri," Malimi akasema. Sasa hakuwa na maneno mengi.

Nje walikuwa wameshampata mchawi.

Watu wa Sumbawanga tumesemwa uchawi miaka mingi, mpaka na sisi wenyewe tumezoea kutazamana. Epifania alikuwa amekaa benchi la nyuma, peke yake, na rozari yake. Sasa alikuwa uani, amezungukwa. Mmoja anauliza kilichomleta. Mwingine anasema alionekana akitikisa midomo wakati wa kiapo. Vijana wawili walikuwa wameshaokota mawe yaliyozunguka maua.

Malimi akatoka, akapasua watu mpaka mbele yake. "Mama, shikamoo. Tufungulie mtoto wetu. Anakufa."

"Marahaba. Mimi nimekuja kumwombea," Epifania akasema.

"Mwombee basi afunguke."

"Sikumfunga mimi."

Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka pale, mkoba kwapani, lipstiki ndani yake. Nilinyamaza muda wa kusali fungu zima la rozari. Nilikuwa nafikiria saluni yangu. Nilikuwa nafikiria nani ataniletea tena uso wake akijua nimeiba rangi ya maiti. Mungu anisamehe, hata niliwaza kwamba labda ni kweli, labda ni huyu mama.

Jiwe la kwanza lilimpata begani. Hakulia. Aliinua macho, na kati ya watu wote wale akanitazama mimi.

Nikaingia sakristia nikamnong'oneza padre dhambi yangu, kama maungamo.

Padre hakunigombeza. Alitoka, akamshika Epifania mkono mbele ya mawe yao, akatupakia sote wawili kwenye gari lake. Malimi akabaki na Debora. Njia nzima kwenda makaburini kuirudisha lipstiki, Epifania alitazama dirishani. Aliongea mara moja tu.

"Ile rangi ilimpendeza sana. Ndiyo maana ukaibakiza?"

"Ndiyo, mama."

"Hata mimi niliitamani," akasema.

Nilichimba mwenyewe kwa jembe, upande wa kichwa, kina cha mkono mpaka kiwiko. Kabla ya kuiweka nikavuta kifuniko, nihakikishe ni yenyewe.

Haikuwa na kitu. Asubuhi ilikuwa zaidi ya nusu, na Debora nilimpaka mara mbili tu. Sasa kikopo kilikuwa kikavu, kisafi, kama kilichorambwa.

Nikakizika. Padre akasali, akanyunyiza maji ya baraka. Epifania akapiga magoti akasema na binti yake kwa Kifipa, sauti ya chini, kama mama anayemwita mtoto aingie ndani maana kuna upepo. Hakuwa amemaliza simu ya padre ikaita. Ilikuwa Malimi.

"Ameomba maji," akasema.

Walifunga ndoa Jumamosi iliyofuata. Debora alipaka mafuta ya mgando tu, midomo yake ile myembamba aliyopewa na Mungu, na alisema kiapo mpaka benchi la nyuma wakamsikia. Felisian alilia. Nami nililia, nikaamini imekwisha.

Lakini sikumaliza kutubu. Padre aliwaambia waumini Epifania hana kosa, hakusema mwenye kosa ni nani, kwa kuwa siri ya maungamo ni siri. Alinitaka niseme mwenyewe. Sikusema. Leo ni miezi miwili, na mama yule hasalimiwi. Watoto wanavuka barabara wakimwona. Chumvi anaifuata duka la mtaa mwingine. Sisi tunaokaa naye tunajua mambo haya mtaani kwetu huishia wapi. Ndiyo maana nimeandika, na karatasi hii nitampa katibu wa jumuiya aisome Alhamisi mbele ya wote. Si yeye. Ni mimi, Bertilla, fundi wenu.

Ningeishia hapo. Lakini juzi padre aliniita ofisini.

Kitabu cha ndoa kilikuwa mezani, wazi. Debora alikuwa amekuja kuomba nakala ya cheti, na padre alikitoa kabatini kwa mara ya kwanza tangu siku ile walipotia sahihi. Ufunguo wa kabati ni mmoja, anavaa yeye.

"Wewe ndiyo kazi yako," akaniambia, "niambie hii ni nini."

Sahihi ya Felisian ilikuwepo. Ya Debora ilikuwepo. Za mashahidi wawili zilikuwepo. Pembeni ya jina la Felisian, mahali pasipoandikwa kitu, kulikuwa na alama ya midomo, imegandamizwa kwa utulivu. Damu ya mzee. Mdomo wa juu umechorwa nje ya mpaka wake, unene wa uzi.

"Debora ameiona?" nikauliza.

"Niliifunika kwa mkono."

Nikanyoosha kidole nikagusa. Padre akasogea nyuma na kiti chake.

Rangi ilikuwa bado mbichi.