Ini la Mwenye Pori

Mara mbili mchana ule Fidelisi alifungasha mkoba wake wa mawindo, na mara mbili mkoba ukamshinda kuinua.

Si kwamba alitia vitu vingi. Turubai, sufuria ndogo, unga, chumvi, kiberiti, ugwe wa akiba wa upinde, na kile kitambaa cheupe. Kwa wawindaji waliomfundisha kazi, kitambaa hicho ni cha ini. Mnyama wa kwanza akianguka, ini lake hufungwa humo, likawekwa juu ya jiwe, likaachwa. Ni la mwenye pori, na hakuna aliyewahi kuuliza sura yake.

Akamwaga kila kitu uani, pale nyumbani kwake Mjimwema. Hakuna kilichozidi. Kitambaa tu kilikuwa kimelowa, na kilinuka damu mbichi.

"Mama Pamela, hiki ulikifua?"

"Nilikifua mara tatu," alisema Notburga, mkewe. Alikuwa amejikunja kwenye mkeka, mkono chini ya mbavu za kulia. "Baba Pamela, kuna kitu kinanivuta humu ndani. Kila ukikaza kamba ya mkoba, kinavuta."

Fidelisi alijua ni kitu gani. Tuseme ukweli, alikuwa mlafi. Msimu uliopita aliangusha pofu, yule swala mkubwa, na mwenzake Kassimu alipojitenga kuswali Alasiri, yeye akalisokomeza ini chini kabisa ya mkoba. Kassimu aliporudi akaambiwa limeshaachwa. Nyumbani, Fidelisi alisema amelinunua buchani. Notburga, aliyekuwa ametoka kujifungua, alilikaanga kwa vitunguu akala karibu lote, akamshukuru kwa kumjali.

Akaenda Msamala mbio kwa Bibi Sharifa, mganga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa mbali kidogo, umekuja na mtu."

Fidelisi akageuka. Nyuma yake palikuwa na jua tu.

"Anataka nini?" alinong'ona.

"Chake. Mmekila, na aliyekula zaidi ndiye anayeumia." Bibi alishusha sauti. "Upinde uliomuua yule mnyama unao?"

"Ninao."

"Uchome leo kabla jua halijazama, na usiwinde tena. Atapokea upinde badala ya ini. Lakini usimdanganye mara ya pili, mjukuu wangu, huyo hana huruma."

Upinde ule aliuchonga marehemu baba yake, na haukuwahi kukosa. Kule darini ulikuwepo mwingine, mkongwe, wenye ufa. Fidelisi alirudi akauchoma huo mkongwe uani, mbele ya mkewe, na Notburga akalia kwa kuona mumewe ameacha uwindaji kwa ajili yake.

"Umeniokoa," alisema.

Mume akaitikia. Mtu wa namna hii sina la kumwombea.

Jioni akafungasha tena, akasema anakwenda Namtumbo kumuaga Kassimu. Upinde wa baba akaufunga ndani ya jamvi. Safari hii mkoba uliinuka kirahisi, Notburga alikuwa amelala bila maumivu, na Fidelisi akajiambia kwamba kumbe hata majini hudanganyika. Ila alipokuwa akikaza kamba alisikia, chini kabisa, chini ya turubai na sufuria, mdomo ukitafuna taratibu, bila haraka, kama mtu aliyekaribishwa chakula nyumbani kwake mwenyewe, na harufu ya vitunguu vya kukaanga ikapanda kutoka kwenye mkoba hadi puani mwake wakati jikoni hapakuwa na moto, naye badala ya kufungua aangalie, akapiga fundo la pili.

Kesho yake mchana yeye na Kassimu walikuwa porini, wamepumzika kwenye kilima ambako simu hushika mtandao. Kassimu alifungua mkoba kutafuta chumvi, akatoa kitambaa cheupe. Kilikuwa kimefungwa vizuri, kimejaa, na kilikuwa kinadondosha damu.

"Fidelisi," alisema polepole. "Hatujaua hata sungura. Hili ini la nani?"

Fidelisi aligusa. Lilikuwa la moto bado. Simu yake ikaita.

"Baba Pamela," ilikuwa sauti ya Notburga, changamfu kuliko alivyowahi kuisikia. "Maumivu yameisha. Nimekuwa mwepesi, mwepesi kabisa, siwezi hata kumbeba mtoto."

"Mtoto yuko wapi?"

"Amebebwa na mgeni wako. Anasema safari hii hilo ini uliache kwenye jiwe. Ukilirudisha, atakula la Pamela."

Nyuma ya sauti yake mtoto alikuwa anacheka, na mtu alikuwa anatafuna.

Kassimu alikuwa ameshaanza kukimbia. Fidelisi alibaki peke yake na kile kitambaa, akaita jina la mkewe mara nyingi kwenye simu iliyokuwa imeshakatika. Kisha akatafuta jiwe. Akaliweka ini juu yake kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa, na safari hii akaliacha.